Mtoto Niliyemrudisha Getini

Haya jamani, sogeeni, sogeeni! Wapishi, uji hauna miguu, hautakimbia, njooni mkae. Walinzi, mmoja abaki getini, wengine wote hapa. Upendo, wewe kaa mbele nikuone, maana umo ndani ya habari hii na najua utabisha. Mwalimu Neema ameweka simu yake juu ya kreti la soda, anasema inanasa sauti, halafu ataandika kila neno litakalonitoka. Mimi kusoma sijui. Kwa hiyo akiongeza uongo wake, mnishtue. Uongo wangu mwenyewe auache kama ulivyo, nimeutunza miaka mingi.

Mmesema mnataka kusikia kazi ilikuwaje, ninyi mnaobaki. Mshahara siuzungumzii, haukuwahi kukaa na mimi muda mrefu tukafahamiana. Vyeo navyo sina cha kusema. Niliingia mlinzi wa geti, nimetoka mlinzi wa geti, kilichopanda ni kitambi tu. Nitawaambia ya siku ya kwanza, na ya mzee aliyenifundisha, halafu nitawaambia kosa langu moja. Makosa mengine ninayo, lakini hayo nalala nayo vizuri. Hilo moja ndilo lilikuwa linaniamsha.

Nilikuja mjini hapa kijana, kutoka Kondoa, nikafikia Daraja Mbili kwa baba mdogo aliyekuwa fundi viatu. Siku nakuja kuomba kazi hapa shuleni, geti lenyewe lilikuwa miti miwili na waya mmoja. Ng'ombe walikuwa wanaingia wengi kuliko wanafunzi. Mlinzi alikuwa Mzee Elisante, Mmeru, mrefu, jamani, mrefu! Mvua ikianza ilikuwa inamnyeshea yeye kwanza, sisi huku chini tunapata taarifa baadaye. Akanitazama kutoka huko juu.

"Unajua kusoma?"

"Shikamoo mzee. Hapana, sijui."

"Marahaba. Vizuri sana. Aliyepita alikuwa anasoma gazeti, ng'ombe wanakula mahindi ya shule."

Nikapata kazi. Akanikabidhi vifaa: rungu, filimbi isiyolia, koti la mvua lenye mvua ndani, na kipande cha nondo cha kugongea kengele. Kengele ni ringi ya lori, hiyo hiyo mnayoiona mtini mpaka leo. Akaniambia, "Saa nne kamili gonga, watoto wanywe uji." Mimi saa sijui kusoma, na kusema sijui nikaona aibu, nimeshasema sijui mara moja siku hiyo. Nikakaa, nikakaa, nikaona muda umeota mvi, nikagonga. Weee! Shule nzima ikamwagika uwanjani na vikombe mkononi, kumbe ni saa mbili na nusu. Mpishi ndiyo kwanza anapuliza kuni. Walimu wametoka na chaki zao wanaulizana moto uko wapi. Mwalimu mkuu wa wakati ule akanifuata akaniuliza, "Nani amekufa?"

Mzee Elisante hakunifokea. Akanishika mkono mpaka nyuma ya jiko. "Iddi, soma moshi. Kuni zikianza, moshi mzito. Uji ukikaribia, mpishi anatoa kuni, moshi unakuwa mwembamba. Ukiona mpishi anajifuta jasho kwa pindo la kanga, hesabu mpaka mia, gonga."

"Mzee, mpaka mia sifiki."

"Basi hesabu mpaka kumi, mara nyingi."

Nimegonga hivyo miaka thelathini na ushee na sikukosea tena. Wapishi, mlikuwa mnadhani nawatazama kwa ajili ya uzuri. Poleni. Ilikuwa jasho.

Kitu kingine alichonifundisha mzee yule ni viatu. "Mlinzi hatazami sura," alikuwa anasema. "Sura kila mtu ameiosha kabla ya kuja. Tazama chini." Akawa ananionyesha wageni mmoja mmoja. Kiatu kinang'aa na soksi imetoboka, huyo anakuja kudanganya. Kandambili za rangi mbili, huyo ametoka haraka, kuna mgonjwa. Na ukiona tope jekundu mpaka kwenye kifundo cha mguu, huyo ametoka juu mlimani, ameanza kutembea kuku wamelala, huyo msikilize wa kwanza. Maneno ya Mzee Elisante hayo. Alistaafu, akarudi kwenye kahawa yake, na ameshatangulia mbele ya haki. Nina hakika hata huko walikata mlango upya ili aingie.

Sasa tuje kwenye msimu wenyewe, wa kuandikisha darasa la kwanza. Ninyi wa siku hizi mnaona foleni ya watu hamsini mnaita vurugu. Zamani foleni ilianzia hapa, ikashuka mpaka barabarani, ikazunguka, mkia ukaja kugusa kichwa, watu wakawa wanazunguka shule bila mwanzo wala mwisho. Mtu akichoka anaweka jiwe lake kwenye foleni, anakwenda kunywa chai. Mimi nikawa nasimamia mawe. Kuna siku mawe mawili yaligombana, wallahi, kila moja linasema limetangulia.

Na vyeti vya kuzaliwa havikuwepo. Kipimo kilikuwa sikio. Mtoto anapitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, anashika sikio la kushoto. Mkono ukifika, umri umefika. Usipofika, arudi nyumbani ale ugali mwaka mzima. Mwalimu mkuu wa sasa, mnamjua, mama mfupi asiyecheka, alipohamia hapa aliniita ofisini. "Mzee Iddi, sitaki vitoto vinavyonyonya vifike mezani kwangu. Pima getini." Basi mimi nisiyejua hata A, nikawa mtu wa kusema nani asome na nani asisome. Nilivimba! Kwa wiki mbili za uandikishaji nilikuwa natembea kama nimemeza ufagio.

Nimeona mambo. Kuna mama alikuwa nyuma ya mtoto, anavuta lile sikio kwenda juu likutane na vidole. Sikio lilivutwa mpaka likawa kama la punda, na bado halikufika. Kuna baba alikuja na mapacha, mmoja mrefu, mmoja kidonge. Yule mrefu akapima, akapita. Akazunguka nyuma ya ukuta, akabadilishwa sweta, akaja tena kwa jina la mwenzake. Ningemjuaje? Nilitazama viatu, ndugu zangu. Sweta jipya, tope lile lile. Nikamwambia baba, "Huyu nimempa darasa la kwanza dakika tano zilizopita, sasa unamtaka la pili?" Akacheka, akamchukua kidonge wake, akamleta mwaka uliofuata na mkono wenye afya.

Kwa hiyo mimi nilijiona fundi. Hapo ndipo kosa likanikuta.

Ilikuwa asubuhi ya manyunyu, mlima hauonekani, baridi inauma mpaka kwenye meno. Foleni ndefu, mimi nina haraka. Anakuja bibi mmoja wa Kiarusha, shuka amejifunika mpaka kichwani, ameshika katoto ka kike. Kale katoto kamevalishwa kofia ya sufu ya kufuma, nene kama godoro, imeshuka mpaka kwenye nyusi. Nikasema, "Haya, sikio." Mkono ukapanda, ukapita juu ya ile kofia, ukateremka, ukakwama. Ulibaki upana wa ukucha tu. Nikasema, "Bado. Arudi mwakani. Anayefuata!" Bibi akasema kitu kwa lugha yao. Nikasema, "Anayefuata!"

Viatu sikutazama. Nilikuwa nimevimba.

Basi miaka miwili ikapita. Mambo yakabadilika, vyeti vya kuzaliwa vikawa lazima hapa kwetu, sikio likastaafu kabla yangu. Upendo akaletwa ajifunze geti, mimi nikawa nahesabu wiki zangu za mwisho. Mwaka jana, Jumatatu ya wiki ya mwisho ya kuandikisha, nimekaa kwenye benchi langu, naona tope jekundu linakuja. Safari hii nilitazama. Limefika mpaka kwenye goti! Nikainua macho. Bibi wa shuka. Na mtoto, amerefuka, na kofia ile ile, sasa imekuwa ndogo, imekaa utosini kama kifuniko cha chupa.

"Koko, takwenya," nikamsalimu, maana bibi kwao wanamwita Koko.

"Iko," akaitikia kwa lugha yao. Akaniangalia sana. Halafu akanyanyua ile kofia kutoka kichwani kwa mtoto, akasema, "Naserian, mwonyeshe." Mtoto akapitisha mkono wa kulia akashika sikio la kushoto. Akapitisha wa kushoto akashika la kulia. Koko akasema, kumbe Kiswahili anakijua, "Umeona? Hata siku ile angeshika. Wewe ulipima kofia. Hukupima mtoto."

Jamani, mimi nina maneno. Mnanijua. Siku ile nilipata swali moja tu.

"Koko, kwa nini hukurudi mwaka uliofuata?"

"Ningerudi wapi? Ulisema bado. Nikasema mjini wamekataa, nikampa mbuzi achunge. Sasa amefika miaka minane. Mbuzi wanamjua, herufi hazimjui. Nikasema nije mara moja tena, wakikataa basi."

Nikawapeleka kwa mwalimu mkuu mwenyewe, sikumwachia mtu. Nikamweleza yote, hata ya kofia. Alinitazama kwa jicho lile, mnalijua. Akasema, "Miaka minane nampokea. Mwakani atakuwa na tisa, siwezi kumkalisha na wa miaka sita, atadharauliwa na ataacha. Nafasi ninayo moja, namwekea. Ila bila cheti cha kuzaliwa jina haliingii. Ijumaa saa sita mchana nafunga daftari, linakwenda kwa wakubwa, na likishakwenda siwezi kuongeza hata nukta."

"Cheti kipo, Koko?"

"Hakuna. Kadi ya kliniki ilikuwepo. Ndama akala."

"Ndama?"

"Alikuwa mdogo, hakujua."

Nikamwambia mwalimu mkuu, "Mama, nina siku za likizo sijazichukua. Nazitaka nne, kuanzia kesho asubuhi." Akauliza za nini. Nikasema, "Za kofia." Akaandika.

Jumanne asubuhi tulianza watatu, mimi, Koko na Naserian. Tulichukua mfuko wa unga wa kutilia karatasi tutakazopata, mtoto akaushika kifuani kwa mikono miwili kama anabeba yai. Kitu cha kwanza ilikuwa barua ya mtendaji wa kijiji chao. Tunapanda mpaka ofisini kwake, ofisi imefungwa. Mkewe anasema mtendaji amekwenda kuuza beberu soko la Kwa Mrombo. "Na mhuri?" "Uko kwenye koti." "Na koti?" "Amelivaa." Anasema tusubiri, tuje kesho. Nikamwambia Koko, kama mhuri umekwenda Kwa Mrombo, na sisi tunakwenda Kwa Mrombo. Tukashuka mlima, tukavuka mji mzima tukitoka upande huu kwenda upande ule. Koko ana miaka sabini na kitu, alikuwa mbele yangu njia nzima.

"Tembea, mpima kofia!" ananiambia. "Au unataka nikubebe?"

Tukamkuta mtendaji katikati ya mbuzi, vumbi, watu wanapiga kelele. Mtu mwema, hakutukatalia. Barua akaiandika palepale. Meza hakuna. Akaiweka juu ya mgongo wa beberu wake, akapuliza mhuri, akagonga. Na beberu naye akasogea. Tuliona sawa tu. Karatasi ina barua, ina mhuri, tukashukuru, tukaondoka.

Jumatano tupo ofisi ya vyeti, dirishani. Dada wa dirishani ana kucha ndefu, anafungua karatasi kwa ncha, haigusi. "Mzee, mhuri huu nusu."

"Najua, mama. Nusu ya pili iko kwenye beberu."

"Beberu yupi?"

"Wa Kwa Mrombo. Na saa hizi huenda ameshaliwa."

Watu kwenye foleni wakacheka, yeye hakucheka. Akasema anataka mhuri mzima, na anataka kitu cha kuonyesha mtoto alizaliwa lini na wapi, kadi ya kliniki au cheti cha ubatizo. Koko akaanza habari za ndama, nikamkanyaga mguu. "Basi tuje kesho, au sio?" nikauliza. "Eeh, mje kesho," akasema, ameshashika karatasi ya mtu mwingine.

Alhamisi alfajiri niko kwa mtendaji, amekaa mezani kwake, meza ya mbao, haina miguu ya kusogea. Akagonga mhuri mara nne, kona zote, kwa usalama. Tukapanda tena juu, kanisani, upande ule wa magharibi ya mlima ambako mtoto alibatizwa. Mimi Mwislamu, mara ya mwisho kuingia kanisani ilikuwa harusi, na nilifuata pilau. Mwinjilisti hayupo ofisini, yupo shambani anapanda viazi mviringo. Mvua ile pale, nyeusi, imekaa juu ya mlima inatungoja.

"Kitabu cha ubatizo kipo," anasema, hajainua hata mgongo. "Kimefungiwa kabatini, ufunguo uko nyumbani, nyumbani ni ng'ambo ya korongo. Na mimi nina mistari kumi na miwili kabla ya mvua. Mje kesho, nitawatafutia kwa furaha."

"Mwinjilisti, una jembe la pili?"

"La nini?"

"Mistari sita yangu, sita yako."

Alidhani natania. Nilivua koti, nikaingia. Nilikuwa sijashika jembe tangu Kondoa, mgongo ulipiga kelele mpaka mbwa wakaitikia. Koko akaniangalia mstari mmoja, akashindwa kuvumilia. Akanifuata nyuma na ndoo ya mbegu. "Mpima kofia! Viazi vinafukiwa, havilazwi! Weka udongo!" Naserian naye akaweka mfuko wake juu ya jiwe, akafunika na shuka, akaingia. Watu wanne, mistari kumi na miwili, tone la kwanza linaanguka tumemaliza. Mwinjilisti akasema, "Sasa hata nikisema hapana, nitamwambia nini Mungu?" Akakimbilia ufunguo.

Akafungua kitabu, akateremka na kidole, akafika. Akasoma jina la mtoto, akasoma siku aliyozaliwa. Halafu akasoma jina la mama yake. Huyo mama ni binti wa Koko, alifariki Naserian bado ananyonya, ndiyo maana hakuna aliyejua tarehe. Koko alikuwa amesimama mlangoni anakamua mvua kwenye shuka. Aliacha.

"Soma tena," akasema.

Mwinjilisti akasoma tena jina la mama. Akasoma na mara ya tatu bila kuambiwa. Mimi nilitoka nje nikatazama viazi.

Ijumaa saa mbili asubuhi tuko dirishani, wa kwanza. Mhuri mzima, mara nne. Cheti cha ubatizo. Barua. Dada wa kucha akakagua, akageuza, akakagua. Akasema, "Sasa iko sawa." Akageukia kompyuta, akabonyeza, akabonyeza tena, akashusha pumzi.

"Mtandao umekata. Mje kesho."

"Kesho Jumamosi mnafungua?"

"Hapana."

"Basi hiyo kesho ni ipi, mama?"

"Mzee, Jumatatu, basi. Mtandao sio wangu."

Nikamwambia, "Daftari la shule linafungwa leo saa sita. Nitakaa hapa." Akasema, "Mzee, mtandao haurudi kwa kukaliwa." Nikasema, "Mwanangu, mimi nimelinda geti miaka thelathini na zaidi. Wenzangu wamesomea udaktari, wamesomea sheria. Mimi kazi niliyosomea ni kukaa. Na leo utaona mtu aliyefuzu."

Nikakaa chini, mgongo ukutani, chini ya dirisha lake. Koko akakaa. Naserian akakaa na mfuko wake. Saa tatu. Saa nne. Mlinzi wa ofisi akaitwa anitoe. Akaja na rungu lake, akasimama mbele yangu. Mimi nikatazama viatu vyake, yeye akatazama vyangu, soli zimelika upande mmoja, wa kusimama. Tukajuana. Akasema taratibu, "Mzee, macho yangu siku hizi hayaoni vizuri," akageuka, akaanza kuangalia maua.

Saa tano ikapita. Dada wa kucha akawa kila akiinuka ananikuta, kila akienda chai ananiruka. Mwishowe nikamsikia anapiga simu yeye mwenyewe, anagombana na mtu wa mitambo. "Nina mzee hapa! Amekaa! Hapana, sio kwenye kiti, chini! Rudisha mtandao kaka yangu, ananitazama!" Haikupita robo saa ile mashine ikanguruma, karatasi ikatoka, bado ya moto. Akanipa kwa mkono mzima, sio kwa kucha. "Chukua mzee, kimbia."

Tukapanda bodaboda mshikaki, dereva, mtoto, Koko, na mimi mkiani, nusu yangu inaning'inia nje. Koko hajawahi kupanda pikipiki maisha yake. Alimshika dereva masikio yote mawili, akawa anamwendesha yeye. Akivuta la kulia, tunakata kulia. Kutoka mjini mpaka hapa Kimandolu hatukugusa lami zaidi ya mara nne.

Tunafika getini, nani yupo? Upendo. Usitikise kichwa, Upendo, sema kama sio kweli. Amesimama na sare yake, ameshika kitabu.

"Mzee Iddi, shikamoo. Saini kwanza, kitabu cha wageni."

"Mgeni nani? Upendo, mimi!"

"Uko likizo. Mtu wa likizo ni mgeni. Ulinifundisha wewe."

"Upendo, saa sita inagonga!"

"Ndiyo maana nakwambia saini haraka."

Na kuandika sijui, na anajua sijui. Nikachovya kidole gumba kwenye grisi ya bawaba ya geti, nikagandamiza. Koko akachovya, akagandamiza. Mtoto naye akagandamiza. Ukurasa ukawa kama umekanyagwa na chui. Upendo akafungua, na nikimgeukia nimlaani, namwona anakimbia mbele yetu anapiga kelele, "Mwalimu mkuu, usifunge! Usifunge, wamekuja!" Ndiyo maana nimekukalisha mbele, mama. Nitakufundisha na moshi kabla sijaondoka leo.

Mwalimu mkuu alikuwa amekwisha kufunika daftari, kiganja kiko juu yake. Akachukua cheti. Akasoma mbele, akasoma nyuma, ambako hakujaandikwa kitu. Akafungua daftari. Kalamu ikakataa wino. Akaitikisa, ikakataa. Wallahi nilitaka kujikata kidole nimpe damu. Mwalimu Neema huyu hapa akatoa kalamu yake kwenye nywele, na jina likaandikwa. Koko akauliza, "Ndiyo hilo?" Mwalimu mkuu akasema, "Ndilo hilo." Koko akalitazama muda mrefu, kichwa chini, kama mtu anayetazama mtoto aliyelala.

Basi hiyo ndiyo kazi, ninyi mnaobaki. Mnapewa geti, mnapewa rungu, mnaanza kuvimba, mimi nawajua. Vimbeni, haina shida, lakini mvueni mtoto kofia kwanza.

Mwezi wa kwanza shule zikafunguliwa. Mimi nimeshastaafu, sina zamu, lakini nilikuja nikakaa na Koko nje ya geti, na safari hii nilisaini kitabu bila kuambiwa. Wadogo wa darasa la kwanza wakaruhusiwa mapema. Wanatoka wanaruka, wengine wanalia, wengine wamevaa kiatu cha jirani. Naserian akatoka wa mwisho. Sketi mpya, sweta jipya, daftari amelishika kifuani kwa mikono miwili. Na sura imeanguka, jamani, uso wa msiba. Moyo wangu ukalia paa. Nikasema wamemkataa. Baada ya yote haya, wamemkataa.

Koko akamshika mabega. "Kuna nini? Kuna mtu amekupiga?"

Mtoto akatikisa kichwa. Wiki nzima ile ya maofisi hakuwa ametoa neno hata moja, wala kulalamika njaa, wala miguu. Sasa akamtazama bibi yake, akanitazama mimi, machozi yanalenga, akalipuka:

"Koko, mwalimu naye amesema tuje kesho! Sasa safari hii tumekosa karatasi gani?"